WASIFU WA KAZI NI USHAHIDI, SIYO SIFA

(Mazungumzo yaliyotolewa ghalani kwenye mkutano wa wanachama, wazazi na vijana waliomaliza shule. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ombi la wale ambao hawakufika. Tafadhali usichane karatasi. Ukitaka nakala, njoo na daftari lako.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya barua ya kuomba kazi na ile karatasi inayokwenda nayo, ambayo matangazo huiita maelezo binafsi, wengine wasifu, na vijana wanaita sivii. Nimekubali kwa sababu moja. Katika kamati ya chama tunapokea barua za vijana wetu kila msimu wa korosho unapokaribia, na tunachokiona ni hiki: kijana tunamjua, kazi anaiweza, lakini karatasi yake haisemi hivyo. Karatasi inasema mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hajawahi kufanya lolote duniani. Sasa hapa kijijini tunakujua kwa sura. Je, kule halmashauri, kule Dodoma, nani anakujua? Kule wewe ni karatasi. Karatasi ikinyamaza, na wewe umenyamaza.

Najua wapo wazee watakaosema, “Aa, kazi siku hizi ni kujuana.” Siwezi kuwabishia kwamba kujuana hakupo. Lakini tuulizane: barua isiyo na cheti, isiyo na namba ya simu, iliyofika baada ya tarehe ya mwisho, inakataliwa na nani? Hiyo haikukataliwa na mjomba wa mtu. Imejikataa yenyewe. Tuanze kwanza kuziba tundu lililo kwetu, halafu ndiyo tulalamikie matundu ya wengine.

KWANZA: SOMA TANGAZO KABLA YA KUSHIKA KALAMU

Tangazo la kazi lina mambo manne: jina la kazi, majukumu ya kazi, sifa za mwombaji, na namna ya kuomba pamoja na tarehe ya mwisho. Vijana wengi wanasoma jina la kazi na mshahara, basi, wanakimbilia steshenari.

Chukua mfano wa Mtendaji wa Kijiji Daraja la Tatu. Matangazo ya halmashauri yamekuwa yakitaka mtu aliyemaliza Kidato cha Nne au cha Sita, na juu ya hapo awe na astashahada katika fani kama Utawala, Sheria, Maendeleo ya Jamii au Usimamizi wa Fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Kama huna astashahada hiyo, usipoteze nauli. Au chukua kazi ya dereva. Matangazo ya Serikali hutaka leseni ya daraja C au E, na uwe umeitumia mwaka mmoja au zaidi bila kusababisha ajali. Leseni ya pikipiki haitoshi hapo, hata kama umeendesha bodaboda miaka sita.

Nenda na daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika majukumu na sifa zote kama zilivyo kwenye tangazo, moja moja. Kulia, mkabala na kila moja, andika lini na wapi umefanya jambo hilo. Mahali penye pengo utapaona mwenyewe. Upande wa kulia wa ukurasa huo ndio wasifu wako. Kazi iliyobaki ni kuunakili vizuri.

PILI: HAKUNA ASIYE NA UZOEFU, ILA YUPO ASIYEUANDIKA

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, ndugu zangu, naomba tusikilizane.

Kijana akifika sehemu ya uzoefu wa kazi anaandika neno moja: “Sina.” Au anaandika sifa: “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo.” Maneno haya anayaandika kila mtu, mvivu na mchapakazi, mwizi na mwaminifu. Msomaji akiyaona anayapita kama mtu anavyopita kichuguu njiani.

Hebu tuulizane. Wewe uliyekaa kwenye mizani msimu mzima, ukaandika uzito wa kila mkulima, jioni ukajumlisha daftari likalingana na magunia, huo siyo uzoefu? Wewe uliyetembea na mashine ya salfa shamba kwa shamba kuzuia ubwiri unga, ukajua asubuhi yenye umande ni ya kazi na yenye upepo ni ya kukaa nyumbani, huo siyo uzoefu? Na wewe mama, uliyetunza hesabu za kikundi cha hisa, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na siku ya mgawo hesabu ikatimia mbele ya wanachama wote, kwa nini uandike “mama wa nyumbani” peke yake?

Tatizo siyo kazi. Tatizo ni kwamba kazi isiyo na risiti tunaiona siyo kazi.

Basi shikeni kanuni hii: kila kazi iandikwe kwa mambo matano. Lini, wapi, ulikuwa nani, ulifanya nini, na nani anaweza kushuhudia. Pakiwa na hesabu, weka hesabu. Nitatoa mfano. Huu ni mfano tu, tarehe na hesabu mtaweka za kwenu.

Namna isiyofaa: “Nimewahi kufanya kazi ghalani na nina uzoefu mkubwa wa kushirikiana na watu.”

Namna inayofaa: “Oktoba 2023 hadi Januari 2024. Msaidizi wa karani wa mizani, ghala la chama cha msingi kijijini. Nilipima korosho za wakulima, niliandika uzito kwenye daftari la mapokezi na kuandaa stakabadhi. Nilisaidia kutenga daraja la kwanza na la pili, na kufunga magunia ya kilo 80. Msimamizi: karani mkuu wa ghala, simu namba fulani.”

Mmeona tofauti? Ile ya kwanza inajisifu na haisemi kitu. Ya pili haikujisifu hata neno moja, lakini msomaji amekwisha kuona mtu anayejua mizani, daftari, madaraja na uaminifu. Na akitaka kuhakikisha, simu iko pale. Ndiyo maana nasema wasifu ni ushahidi. Mahakamani shahidi haulizwi kama yeye ni mtu mzuri. Anaulizwa aliona nini, lini, wapi.

Mafundi nao wasijifiche. Fundi mwashi au seremala aliyejifunza kwa mjomba wake, bila chuo, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Unapimwa kwa kazi unayoijua, ukifaulu unapewa cheti. Ukikipata, kiingie kwenye wasifu sehemu ya elimu, na nyumba ulizojenga ziingie sehemu ya kazi.

TATU: MPANGILIO WA KARATASI YENYEWE

Wasifu uwe kurasa mbili, ukizidi sana tatu. Usiweke maua, wala rangi, wala mistari ya mapambo. Upange hivi:

1. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anuani, namba ya simu na baruapepe.
2. Elimu na mafunzo, ukianza na la karibuni na kurudi nyuma. Shule, mwaka ulioanza, mwaka uliomaliza, cheti ulichopata. Kozi fupi ziwekwe pia, hata ya siku tano, ili mradi ilitolewa na watu wanaojulikana.
3. Kazi ulizofanya, kwa ile kanuni ya mambo matano, nazo zianze na ya karibuni.
4. Ujuzi mwingine unaohusiana na kazi hiyo: lugha, kompyuta, leseni ya udereva na daraja lake.
5. Wadhamini.

Juu ya jina, sikilizeni vizuri. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, lililo kwenye cheti cha Kidato cha Nne na lililo kwenye kitambulisho cha Taifa yawe sawa. Shule ulikuwa unaitwa kwa jina la babu, kwenye kitambulisho ukaandikishwa kwa jina la baba mdogo aliyekulea. Kwetu ni kawaida, lakini kwa msomaji hao ni watu wawili. Usingoje mpaka tangazo litoke. Mwone wakili mapema akuelekeze juu ya kiapo au hati ya kubadili jina.

Na umri usidanganye. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Ukipunguza miaka kwenye wasifu, namba yako mwenyewe itakusema papo hapo.

Wadhamini kwa kawaida hutakiwa watatu. Wasiwe baba, shangazi wala shemeji. Chagua waliokuona ukifanya kazi: mwalimu wako, afisa ugani, karani mkuu wa ghala, mwenyekiti wa kikundi. Halafu waombe kwanza! Mdhamini anapigiwa simu anasema, “Nani? Simkumbuki.” Hapo huna mdhamini tena, una mtu aliyekukana.

NNE: BARUA NI FUPI, NA SIYO WASIFU

Barua na wasifu ni vitu viwili. Wasifu unaeleza yote uliyofanya. Barua inasema jambo moja: kwa nini mtu huyu kwa kazi hii. Ukurasa mmoja unatosha. Kwa nafasi za Serikali, matangazo huruhusu Kiswahili au Kiingereza. Basi kama tangazo halikutaja lugha moja, andika Kiswahili safi, kuliko Kiingereza cha kuazima ambacho kwenye usaili huwezi kukisema.

Juu kulia weka anuani yako na tarehe. Chini yake kushoto weka cheo na anuani ya unayemwandikia kama ilivyo kwenye tangazo. Kisha kichwa cha barua. Halafu, tafadhalini, tupumzike kidogo na ile “Husika na kichwa cha habari hapo juu.” Msomaji ameshakiona kichwa. Anza na jambo lenyewe, kwa mfano:

“YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA MIZANI

Naomba kazi ya karani wa mizani iliyotangazwa kwenye ubao wa chama tarehe 2 Septemba. Nimemaliza Kidato cha Nne, na misimu miwili iliyopita nimekuwa msaidizi wa mizani katika ghala la kijiji, nikipima korosho na kutunza daftari la mapokezi. Katika misimu yote miwili daftari langu lilikaguliwa na kulingana na stakabadhi zilizotolewa. Nimeambatisha wasifu, nakala za vyeti na majina ya wadhamini watatu. Naweza kuanza kazi mara moja.”

Basi. Weka sahihi, jina na simu. Usieleze kwamba baba ni mgonjwa na wadogo zako wanakutegemea. Sote tunaonea huruma, lakini anayeajiri karani anataka kujua kama hesabu zitalingana.

TANO: VYETI NA MITEGO YA NJIANI

Nafasi nyingi za Serikali huombwa kwa mtandao kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Masharti yake ya kawaida yafaa tuyajue hapa hapa: mwombaji awe raia, umri usizidi miaka 45, aweke cheti cha kuzaliwa na nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili au hakimu. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliki badala ya cheti chenyewe. Kwa hiyo kama cheti chako bado kiko shuleni, kakichukue wiki hii. Kikipotea, ripoti polisi, kisha ufuate utaratibu wa Baraza la Mitihani.

Mitego ni mitatu.

Mtego wa kwanza ni baruapepe. Kijana anakwenda steshenari, yule wa kompyuta anamfungulia baruapepe, anaweka neno la siri analolijua yeye, kijana anaondoka. Wito wa usaili unakuja, hawezi kufungua. Chagua neno la siri mwenyewe, uliandike nyumbani mahali salama. Na namba ya simu uliyoandika usiibadilishe, wala usiweke ya rafiki.

Mtego wa pili ni pesa. Kuomba kazi kwenye mfumo wa Ajira hakuna malipo. Unacholipa ni huduma ya steshenari na wakili. Mtu akikupigia akisema, “Tuma elfu hamsini jina lako lipite,” huyo ni tapeli, hata akijua jina lako lote.

Mtego wa tatu ni uongo. Mwezi Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Fikirini: mtu ametumikia miaka kumi na tano, watoto wako shule, nyumba imefika kwenye linta, na karatasi ya zamani inarudi kumdai. Kughushi cheti ni kosa la jinai. Lakini hata uongo mdogo, wa kuongeza misimu miwili ikawa mitano, utakukuta kwenye usaili. Utaulizwa, “Katika misimu hiyo mitano, unyevu wa korosho mlikuwa mkiupima vipi?” Utajibu nini? Aliyeandika kweli hana haja ya kukariri.

SITA: WAJIBU WETU SISI WAKUBWA

Nimesema na vijana, sasa niseme na wanachama na viongozi. Kijana hawezi kuonyesha ushahidi ambao hakuna aliyempa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira yake inapokoma. Hilo siyo fadhila, ni wajibu. Mtu akimaliza msimu kwenye mizani, kwenye ulinzi wa ghala au kwenye ushushaji wa magunia, aondoke na karatasi yenye muhuri: jina lake, kazi aliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Inamgharimu katibu dakika kumi. Kwa yule kijana inaweza kuwa ndiyo tofauti ya “sina” na “ninayo”.

Kwa hiyo naleta hoja mbele ya mkutano huu. Kwanza, msimu huu ukifungwa, kila aliyeajiriwa na chama apewe cheti hicho siku anapolipwa ujira wa mwisho, na kamati isimamie. Pili, pawe na daftari la kazi za msimu hapa ofisini, ili hata baada ya miaka mitano, mwajiri akipiga simu kuuliza, jibu lipatikane hata kama katibu amebadilika. Vikundi vya hisa na vya upuliziaji navyo vifanye vivyo hivyo kwa viongozi wao wanaomaliza zamu.

Na wazazi, hasa kina baba: msichana aliyemaliza shule anapotaka nauli ya kwenda kuthibitisha vyeti, mpe kama unavyompa kaka yake. Cheti hakijui kama mwenyewe amevaa kanga au suruali.

Ndugu zangu, siwaambii kwamba ukiandika wasifu mzuri utapata kazi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, na wapo walioandika vizuri wakakosa. Nawaambia hivi: usikose kwa sababu ya karatasi. Ukikosa, ukose kwa kuwa alikuwepo aliyekuzidi kweli, siyo kwa kuwa ulinyamaza juu ya kazi ya mikono yako mwenyewe.

Kuanzia Jumamosi hii, saa kumi jioni, nitakuwa hapa ghalani pamoja na mwalimu wetu. Kila kijana aje na daftari lenye mstari katikati, kalamu, na vyeti alivyo navyo. Aliyeandika “sina” tutakaa naye mpaka aandike kitu.



(Baada ya mazungumzo, hoja zote mbili zilipokelewa na Mwenyekiti ili zijadiliwe na kamati. Majibu yatabandikwa hapa hapa ubaoni.)